Ufizi Utokao Damu



Mtu akiona damu katika mkojo wake, hatalala. Kukipambazuka atashika njia ya hospitali. Akiona damu katika kikohozi chake, ataogopa, na nyumba yote itaogopa pamoja naye. Lakini mtu huyo huyo akipiga mswaki asubuhi na kutema mate yenye damu, husema, "Ni mswaki tu umenichoma," kisha huenda zake shambani. Kesho yake huogopa kupagusa mahali pale, akasugua meno ya mbele tu. Kesho kutwa huacha kabisa, akisema ya kuwa ataanza tena ufizi utakapopona.

Basi katika somo la mwezi huu twataka kuonyesha ya kwamba mtu huyo ameshika njia iliyo kinyume. Damu ile haimwambii aache kusafisha. Mara nyingi yamwambia ya kuwa mahali pale hapasafishwi vema. Akielewa neno hilo mapema, kwa kawaida ufizi wake utapona katika muda wa majuma machache, na dawa yake ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Asipolielewa, yawezekana atang'olewa meno mazima yasiyo na tundu hata moja, kwa sababu yamekosa mahali pa kushika.

Pengine msomaji atauliza, "Mambo ya meno yahusu nini gazeti la Kanisa?" Twajibu: Katika Katekisimo Ndogo, aliyoiandika Dr. Martin Luther mwaka 1529, tumejifunza juu ya sehemu ya kwanza ya Imani ya kuwa mwili wetu na viungo vyake vyote ni kazi ya Mungu, naye ndiye avilindaye hata leo. Tena juu ya Amri ya Tano tumefundishwa ya kwamba haitoshi kutomdhuru jirani. Imetupasa kumsaidia katika mahitaji yote ya mwili wake. Kwa hiyo ajuaye jambo la kumwokoa mwenziwe katika maumivu, akanyamaza, hana neno la kujitetea.

1. Ufizi ni kitu gani?

Jino si kama msumari uliopigwa katika ubao. Sehemu tuionayo ni ya juu tu. Mzizi wake umo ndani ya mfupa wa taya. Kati ya mzizi na mfupa ziko nyuzi nyingi, nyembamba na imara, zilizoshika huku na huku, nazo hulifunga jino mahali pake. Juu ya mfupa iko nyama ya ufizi. Hiyo hulizunguka jino kama udongo ulioshindiliwa kuzunguka nguzo ya nyumba, ili kitu kibaya kisipenye chini.

Kati ya ukingo wa ufizi na jino pana ufa mdogo sana. Kwa mtu mzima mwenye afya kina chake ni milimita 1 hata 3 tu. Tunawaomba wasomaji waukumbuke ufa huo, maana ugonjwa tunaouzungumza huanzia hapo.

Ufizi wenye afya ni imara, umelikaza jino, nao hautoki damu ukiguswa na mswaki. Ufizi mgonjwa huvimba ukingoni, hung'aa, huwa laini, na hutoka damu upesi. Kwa habari ya rangi, tusidanganyike. Vitabu vingi husema ufizi wenye afya ni wa waridi, lakini watu wengi wa kwetu wana ufizi wenye weusi au mabaka ya kahawia tangu utoto. Huo ni weusi wa asili kama ule wa ngozi, wala si uchafu wa kusuguliwa, wala si ugonjwa. Tazama uvimbe na damu. Hizo ndizo dalili.

2. Chanzo cha ugonjwa

Uamkapo asubuhi, pitisha ulimi juu ya meno yako kabla hujasukutua. Utasikia utando unaoteleza. Huo ndio ukoga. Wengi hudhani ya kuwa ukoga ni mabaki ya chakula cha jana, kwa hiyo hufikiri ya kuwa asiyekula usiku hana haja ya kusafisha. Sivyo hivyo. Ukoga ni makao ya vijidudu vilivyo hai, maelfu kwa maelfu, navyo huongezeka hata mtu akifunga chakula.

Jambo hili halikujulikana tangu zamani. Mwaka 1683 mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, alikwangua ukoga wa meno yake mwenyewe akautazama kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza kwa mikono yake. Naye alikuwa mtu wa kujisafisha, asuguaye meno kwa chumvi kila siku. Hata hivyo aliona viumbe vidogo sana vikienda mbio huku na huku. Akatazama pia ukoga wa mzee mmoja ambaye hakuwa amesafisha kinywa chake maisha yake yote, akaona jeshi kubwa zaidi. Akaandika habari hizo kwa wataalamu wa London, nao wakastaajabu.

Ukoga ukiachwa mahali pamoja, mate huuongezea chokaa, nao hugeuka kuwa kitu kigumu kama jiwe, cha manjano au cha kahawia. Huo twauita ugaga. Wapatikana zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na ubavuni mwa magego ya juu, kwa sababu matundu ya mate yako karibu. Ukoga ni laini na mswaki wauondoa. Lakini ugaga hauondolewi na mswaki wo wote, hata ukisugua mpaka mkono uchoke. Tena juu ya ugaga ulio na mikwaruzo ukoga mpya hushika upesi zaidi.

Vijidudu vya ukoga hutoa sumu. Mwili nao haulali: hupeleka damu nyingi mahali pale ili kupigana. Ndiyo maana ufizi huvimba, na mishipa yake midogo huwa karibu na uso, ikipasuka kwa kuguswa kidogo tu. Basi damu ile ni dalili ya vita vilivyokwisha kuanza ndani ya ule ufa.

3. Jaribio lililofanyika Denmaki

Je, twajuaje ya kuwa ukoga ndio unaoleta ugonjwa, wala si ugonjwa unaoleta ukoga? Mwaka 1965 Harald Löe na wenziwe, katika mji wa Aarhus nchini Denmaki, walitoa habari za jaribio lililo rahisi kuelezwa. Walichukua watu 12 wenye ufizi mzima, wengi wao wakiwa wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaagiza waache kabisa kusafisha meno. Wote 12 wakapata ugonjwa wa ufizi. Wengine waliupata kwa siku 10, na aliyekawia sana kwa siku 21. Hakuna aliyesalimika.

Kisha wakaagizwa kusafisha meno tena kwa uangalifu. Ufizi wa wote ukapona katika muda wa juma moja hivi. Hawakunywa dawa, wala hawakupigwa sindano; waliondoa ukoga, basi.

Katika jaribio hilo twapata mafundisho mawili. La kwanza: mtu ye yote, hata kijana mwenye afya, hata mwenye elimu ya meno, akiacha kusafisha ataugua ufizi kabla mwezi haujaisha. La pili: ugonjwa ukiwa bado mchanga hupona kabisa bila kuacha alama. Mtu aachaye mswaki kwa sababu ya damu hufanya lile lile lililowapatia wale 12 ugonjwa, akidhani ya kuwa anajiuguza.

4. Ugonjwa ukiachwa

Lakini ugonjwa usipozuiwa, kwa watu wengi hushuka chini. Ufizi huachana na jino, na ule ufa mdogo hugeuka kuwa mfuko wenye kina cha milimita 4, 5 au zaidi. Ndani ya mfuko huo mswaki haufiki. Nyuzi zilizoshika jino huliwa, na mfupa wa taya hupungua kidogo kidogo. Pumzi ya mtu huwa na harufu mbaya, meno huonekana yamerefuka, nafasi hufunguka kati yake, usaha hutoka ufizi ukibonyezwa, na mwishowe jino hucheza. Na jambo la kuhuzunisha ni hili: mara nyingi haliumi. Jino lenye tundu hupiga kelele usiku, lakini ugonjwa huu huiba kimya kimya. Tena mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Daktari aweza kuuzuia ugonjwa usiendelee mbele, lakini kilichopotea kwa kawaida kimepotea.

Hapo wako watakaotujibu: "Babu yangu hakupiga mswaki hata siku moja, naye alifariki akiwa na meno yote." Hatuwaiti waongo. Jambo hilo nalo limechunguzwa. Tangu 1970 mpaka 1985 Harald Löe na wenziwe waliwafuata wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai huko Sri Lanka, ambao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala hawakupata tabibu wa meno. Karibu wote walikuwa na ukoga, ugaga na ufizi uliovimba. Lakini katika kila watu 100, watu 11 ugonjwa wao haukushuka chini ya ufizi. Watu 81 walipoteza nyama na mfupa pole pole, mwaka kwa mwaka. Na 8 waliharibika upesi sana, wakaanza kupoteza meno wangali vijana.

Basi babu yule huenda alikuwa mmoja wa wale 11. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini mjukuu hajui kama yeye yumo katika wale 11 au katika wale 8, wala hakuna alama usoni ya kumjulisha. Mtu mwenye busara haachi kufunga mlango kwa kuwa jirani yake alilala wazi asiibiwe. Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza mwaka 2022 ya kuwa watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa huu katika hali yake kali.

5. Mambo yaongezayo hatari

Tumbaku ni adui mkubwa wa ufizi. Tena ni adui mwenye hila, kwa kuwa hukaza mishipa ya damu, na ufizi wa mvutaji hutoka damu kidogo tu hata kama ndani unaoza. Hivyo mvutaji hujiona mzima kuliko alivyo. Ugoro na tumbaku ya kutafuna huuchoma ufizi mahali iwekwapo, nazo zaweza kuleta saratani ya kinywa.

Kisukari nacho huenda pamoja na ugonjwa wa ufizi. Mwenye kisukari kisichotunzwa huharibika ufizi upesi zaidi. Na ufizi mgonjwa hufanya sukari iwe ngumu kutawaliwa. Kwa hiyo mwenye kisukari atunze vyote viwili. Na mtu ambaye ufizi wake hauponi ijapokuwa anasafisha vema, apimwe sukari.

Mwanamke mjamzito hutokwa na damu ufizini kwa urahisi, maana mabadiliko ya mwili wake huuongezea ukoga nguvu. Wako wasemao ya kuwa kila mtoto lazima aondoke na jino moja la mama yake. Neno hilo si kweli. Mtoto hachukui meno ya mama; ukoga ndio uyachukuao. Mama azidi kusafisha, wala asiogope kwenda kwa tabibu wa meno. Ila amwambie tu ya kuwa ana mimba.

Tena wako wadhanio ya kuwa kila ufizi utokao damu wahitaji machungwa. Neno hili lina asili yake. Mwaka 1747 tabibu James Lind aliwajaribu mabaharia 12 waliougua kiseyeye katika meli ya Kiingereza, na wale wawili waliopewa machungwa na ndimu walipona upesi kuliko wote. Kiseyeye kweli huvimbisha ufizi na kuutoa damu, nacho hutokana na kukosa vitamini C. Lakini mtu alaye matunda na mboga za majani hana kiseyeye, na ukoga wake hautaondolewa na chungwa. Ale matunda, ni mema. Lakini apige mswaki pia.

6. Kazi ya nyumbani

Sasa twaja kwenye dawa. Iliyo kubwa haiuzwi katika duka la dawa: ni kuuondoa ukoga kila siku, mara mbili, na mara moja iwe usiku kabla ya kulala.

Chukua mswaki wenye nyuzi laini. Mgumu huumiza ufizi na kuukwangua uondoke katika jino. Tia dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, kwa kuwa hiyo hulinda meno yasitoboke. Uelekeze mswaki kwa mshazari pale jino linapokutana na ufizi, nusu ya nyuzi juu ya jino na nusu juu ya ukingo wa ufizi. Kisha utikise kidogo kidogo, polepole, bila kukandamiza, meno mawili matatu kwa mara moja. Fuata utaratibu: nje, ndani, kisha mahali pa kutafunia, kuanzia gego la mwisho upande huu mpaka gego la mwisho upande wa pili. Muda wake si chini ya dakika mbili. Mwishoni tema, wala usisukutue kwa maji mengi, ili floridi ibaki.

Asiye na mswaki wa dukani asijihesabu maskini. Jina lenyewe la mswaki ni la kijiti kwanza, nao uko mti uitwao mswaki tangu kale. Kijiti kitafunwe ncha mpaka kiwe nyuzi laini, na kila siku ncha ya jana ikatwe, itafunwe mpya. Lakini kosa la wengi ni kusugua meno ya mbele tu huku wakitembea njiani. Kijiti nacho kifike nyuma na upande wa ndani, na kiguse ukingo wa ufizi. Na awezaye kupata dawa yenye floridi aitumie pamoja nacho.

Kati ya meno mswaki hauingii vema. Hapo patumike uzi wa kusafishia meno, au kijiti laini chembamba, kwa upole. Msitumie pini, sindano wala ncha ya kisu. Msisugue kwa mchanga, wala majivu, wala mkaa uliopondwa. Vitu hivyo hulika meno na kuuchubua ufizi.

Nusu ya kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya vuguvugu ni msaada mwema wa kusukutua ufizi unapouma. Lakini chumvi hutuliza tu. Haiondoi ukoga uliokwisha kushikamana, kama vile maji yaliyomiminwa juu ya chungu chenye ukoko hayakisafishi bila mkono.

Siku za kwanza damu itazidi kuonekana. Usirudi nyuma. Safisha kwa upole mahali pale pale penye damu, usiparuke. Kwa watu wengi damu huanza kupungua baada ya siku chache, na baada ya majuma mawili hukoma. Ikiwa haikukoma, basi kuna ugaga au mfuko, au ugonjwa mwingine mwilini, nawe nenda kwa tabibu.

Watoto nao wasafishwe tangu jino la kwanza lichomozapo. Aliye chini ya miaka mitatu apakwe dawa kiasi cha punje ya mchele tu. Mzazi ashike mswaki mwenyewe mpaka mtoto afikilie miaka saba hivi, maana mkono wa mtoto mdogo haujajua kufika nyuma.

7. Kazi ya tabibu wa meno

Watu wengi humwendea tabibu wa meno kwa neno moja tu: "Ng'oa." Lakini kung'oa ni mlango wa mwisho, si wa kwanza. Tabibu aweza kupima kina cha mfuko kwa kijiti chembamba chenye alama, na kuukwangua ugaga juu ya ufizi na chini yake. Huenda akamwita mgonjwa mara mbili tatu, kisha akampa siku za kurudi kila baada ya miezi kadhaa. Mifuko iliyo na kina kikubwa pengine hupasuliwa ili isafishwe.

Kuna maneno yaliyoenea ya kuwa kukwangua ugaga hulegeza meno. Tuyaeleze sawasawa. Ugaga mwingi hushikamanisha meno yaliyokwisha kulegea, kama udongo uliokauka kuzunguka nguzo iliyooza. Ukiondolewa, mtu huona kulegea kulikokuwako. Tabibu hakulegeza kitu, amefunua. Na ufizi uliokuwa umevimba hunywea, meno huonekana marefu zaidi kidogo. Hiyo ni dalili ya kupona.

Twaonya pia juu ya vidonge. Wengine hununua dawa za kuua vijidudu dukani kila ufizi ukiuma, wakameza siku mbili, wakaacha. Dawa hizo peke yake haziponyi ugonjwa huu, kwa sababu ugaga ungali mahali pake, na vijidudu vyajifunza kuzishinda. Tabibu ndiye ajuaye lini zahitajiwa.

8. Hatari isiyongoja

Tumesema ya kuwa ugonjwa wa ufizi huenda polepole. Lakini ziko hali zisizongoja hata kesho. Mtu mwenye shavu au shingo iliyovimba, pamoja na homa, au asiyeweza kufumbua kinywa au kumeza, apelekwe hospitali siku ile ile. Mtu ambaye ufizi wake waoza ghafula, una maumivu makali, utando wa kijivu na harufu mbaya sana, naye aende upesi. Na kwa kuwa hali hiyo hutokea mara nyingi kwa wenye mwili uliodhoofika, akubali kupimwa virusi vya UKIMWI, kwa maana dawa zake zipo na zasaidia.

Zaidi ya yote twawaomba mkumbuke ugonjwa uitwao noma. Huo huwapata hasa watoto wadogo, wa miaka miwili mpaka sita, walio na utapiamlo, mara nyingi baada ya surua au homa nyingine. Huanza kama ufizi uliovimba na kutoka damu, wenye harufu mbaya. Kisha kwa muda wa siku chache tu shavu huvimba, huwa jeusi, na nyama na mfupa wa uso huliwa. Bila matibabu watoto walio wengi hufa, na wanaopona hubaki na uso ulioharibika. Lakini ukitambuliwa mwanzoni, dawa za kuua vijidudu, kusafishwa kinywa na chakula chema huuzuia. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni liliuandika noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, ili mataifa yaukumbuke.

Ugonjwa huo hauambukizi, wala si laana, wala si kazi ya wachawi. Hata hivyo watoto wengine wamefichwa ndani kwa sababu ya aibu, na siku zile chache za kuwaokoa zikapita. Ndugu zetu, ninyi mwingiao katika nyumba za watu kuwatazama wagonjwa, mkisikia ya kuwa yumo mtoto asiyetolewa nje kwa ajili ya kinywa chake, msiondoke mlangoni. Ombeni pamoja na mama yake, kisha mchukueni mtoto mwende naye hospitali siku ile ile. Kuomba na kumpeleka havipingani.

9. Neno kwa walimu na wazee wa sharika

Twajua ya kuwa hamkuitwa kuwa matabibu. Lakini ninyi mna watoto wa mafundisho ya Kipaimara kila juma, mna vyama vya wanawake, mna shule za Jumapili. Haitapita nusu saa kuwaonyesha watoto namna ya kushika mswaki, wala kumwuliza mzee aachaye kula nyama kama meno yake yanacheza. Na mtu atemaye damu asubuhi akiwaambia ya kuwa ameacha mswaki mpaka apone, mwambieni kwa upole ya kuwa asipousafisha ufizi hautapona.

Maswali ya kujifunza

1. Ufizi wenye afya hujulikana kwa dalili gani? Weusi wa asili ni ugonjwa?

2. Ukoga ni nini, na ugaga ni nini? Upi waondolewa na mswaki?

3. Watu 12 wa Aarhus walitufundisha mambo gani mawili?

4. Utamjibu nini mtu asemaye, "Babu yangu hakupiga mswaki"?

5. Kwa nini mvutaji wa tumbaku hujiona ana ufizi mzima?

6. Mtu akitoka damu apigapo mswaki afanye nini katika majuma mawili ya kwanza? Na isipokoma?

7. Ni dalili zipi zitufanyazo tumpeleke mtoto hospitali siku ile ile?

Mungu aliyetupa kinywa cha kulia chakula na cha kumsifu atusaidie kukitunza. Amina.